Maksai, Kamba na Chuma: Kuvuta Magari Katika Miteremko ya Nyeri

Kuvuta gari bovu katika nchi ya Nyeri ni kazi inayotawaliwa na mteremko. Mito inayotoka Mlima Kenya na Nyandarua, kama Chania, Gura, Ragati na Thagana, imekata ardhi ikawa migongo mirefu yenye mabonde ya kina katikati. Barabara ya kwenda Othaya au Mukurweini hushuka hadi darajani, ikapanda, ikashuka tena. Kupanda kunataka nguvu, na nguvu haikukosekana: maksai walikuwepo, baadaye matrekta na malori, na siku zote mabega ya watu. Kazi ngumu ni kuteremka bila kinachovutwa kumgonga anayekivuta.

Wa kwanza kukutana na tatizo hilo walikuwa waendeshaji wa magari ya maksai. Nyeri ilianza mwaka 1902 kama boma la kijeshi la Waingereza, na kabla ya reli mizigo yake ilifika kwa vichwa vya wapagazi na kwa magari hayo. Baada ya mwaka 1919, wanajeshi wa zamani walipogawiwa mashamba upande wa Nanyuki, misafara iliongezeka. Gari la mtindo wa Afrika Kusini lilivutwa na maksai wapatao kumi na sita, wawili wawili chini ya nira, mnyororo ukipita katikati yao. Mbele alitembea mvulana akiwaongoza wale wawili wa kwanza. Nyuma kulikuwa na mtu wa breki, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha mkono wa skrubu hadi vibao vibane magurudumu. Mteremkoni ni huyu aliyebeba roho za wenzake, kwani akizembea, mzigo wote uliwaangukia wanyama kwa nyuma.

Magari ya injini yalipoanza kuonekana, hasa Ford za bodi za mbao katika miaka ya 1920, maksai hawakustaafu. Udongo mwekundu wa nchi hii ukilowa huteleza kama sabuni. Madereva walifunga minyororo kwenye matairi wakati wa masika, na iliposhindikana wakatuma mtu akaombe maksai shamba la karibu. Reli ilifika Kiganjo mwishoni mwa muongo huo na Nanyuki mwaka 1930. Iliondoa safari ndefu za magari ya ng'ombe, lakini njia za kutoka shambani hadi stesheni zilibaki za udongo.

Ufundi wenyewe ulienea kwa njia ya vita. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya Waafrika wa Kenya walifunzwa udereva na umakanika jeshini, na huko lori lililokufa lilivutwa kwa chuma kigumu pale kamba isipofaa. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya mwaka 1952, wakati wa vita vya Mau Mau, na pamoja nayo barabara za kijeshi zilizopasuliwa msituni.

Mbio za magari nazo ziliutangaza ubaya wa njia za nchi hii duniani. Binti mfalme Elizabeth alirithi kiti cha Uingereza Februari 1952 akiwa Treetops, karibu na Nyeri, na mwaka uliofuata mashindano ya Coronation Safari yakaanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwake. Yakawa baadaye Safari Rally, na mara nyingi yalizunguka Mlima Kenya. Mwaka 1963, mwaka wa mvua kubwa, magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vilevile. Vitabu vya mbio hizo vimejaa majina ya madereva. Wanavijiji walioyasukuma magari hayo na kuyavuta topeni hawamo.

Lakini kilichofanya uvutaji uwe kazi ya kila wiki ni majani chai. Kiwanda cha Ragati, cha kwanza cha wakulima wadogo, kilifunguliwa mwaka 1957, na KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima hao, ikaundwa mwaka 1964. Jani bichi halingoji. Lisipofika kiwandani siku ileile huanza kuharibika, kwa hiyo lori likizama, trekta huitwa papo hapo. Huko topeni kamba au mnyororo unatosha, maana gari linatolewa hatua chache tu.

Safari ya kwenda gereji ni jambo lingine. Kwenye mteremko kamba hulegea, gari la nyuma linakuja lenyewe, na injini ikiwa imezimwa breki huwa nzito na usukani mgumu. Kamba ikikazwa ghafla inaweza kukatika na kumjeruhi aliye karibu. Hapa ndipo chuma kinapofaa. Mafundi wa jua kali hukichomelea kwa umbo la herufi A: ncha mbili za nyuma hufungwa kwa boliti kwenye chesisi ya gari bovu, kamwe si kwenye bampa, na ncha ya mbele hushikwa kwa pini kwenye gari linalovuta. Umbali kati ya magari haubadiliki, kupanda wala kushuka, na breki za gari la mbele huyazuia yote mawili. Ndiyo maana gari linalovuta lapasa kuwa zito kuliko linalovutwa, liende polepole, kwa gia ya chini mteremkoni. Mnyororo wa akiba hufungwa kando ya chuma, ikitokea pini ichomoke. Usukani wa gari bovu lazima ufunguliwe kwa ufunguo, gia iwe nyutro, na taa za tahadhari ziwake.

Magari ya otomatiki kutoka Japani yamepunguza umaarufu wa chuma. Katika gari la aina hiyo pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Likivutwa mbali magurudumu yakiwa chini, giaboksi huungua. Subaru inayoendeshwa kwa magurudumu yote haifai hata kuinuliwa upande mmoja. Magari hayo hubebwa mazima juu ya lori la bredauni. Barabara pana ya Kenol, Sagana na Marua, ya kilomita 84, imeyarahisishia malori hayo kazi. Kwa gari la gia za kawaida linalokwama Othaya au Mukurweini, mwenye chuma ndiye wa kuitwa. Mwenye kamba aambiwe aishie kwenye tope.