Neno la Mzee Katika Nchi ya Shinyanga

Ni kitu gani kimfanyacho mzee aridhike na maisha yake? Wengi hujibu upesi, Ni mali. Nasi wa Maganzo twaweza kudhani hivyo, maana tu jirani na Mwadui, ambako John Williamson alivumbua almasi mwaka 1940. Lakini habari za kale za nchi hii zatufundisha jambo jingine.

Zamani Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani sehemu ya malisho iliyofungwa tangu mwanzo wa mvua, ng'ombe wasiingie. Kiangazi kilipozidi, ndipo ilipofunguliwa kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Wazee ndio waliojua wakati wa kufunga na wa kufungua, na aliyevunja mwiko alihukumiwa katika dagashida, yaani baraza la watu. Basi mzee, ingawa mikono yake ilichoka kulima, neno lake lilikuwa likifanya kazi bado.

Mwaka 1974 watu walihamishwa kwa amri, wakakusanywa vijijini. Ngitili nyingi zikaachwa nyuma zikaharibika, na neno la mzee nalo likapungua nguvu. Hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha kazi ya HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mabwana misitu wakajifunza njia za wenyeji, ngitili zikarudi kwa maelfu ya ekari, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Wazee waliokuwa wamenyamaza wakaulizwa tena.

Lakini bibi vizee je? Wengi wao wamepika miaka mingi kwa samadi na mabua, moshi ukayafanya macho yao mekundu. Kwa wekundu huo tu wengine wameitwa wachawi, wakauawa kwa mapanga. Mama asikilizaye mlango wake usiku kucha, hata ghala yake ikijaa mtama, ataridhikaje?

Mwaka 2003 nchi yetu iliweka Sera ya Taifa ya Wazee. Ni jambo jema. Lakini sera haiketi jikoni na bibi. Sisi tuketi naye. Tumtengenezee jiko litoalo moshi nje, tumwulize habari za mbegu na mvua, na uvumi ukianza juu yake, tuukatae mbele ya watu wote. Mzee aombwaye shauri, tena alalaye bila hofu, huyo ndiye aliyeridhika.