Kanga Isiyokauka

Novemba ile mtoto wetu alikuwa na miezi mitano na alikuwa ameikataa neti. Ukimlaza ndani saa 3 usiku, ikifika saa 5 mgongo umelowa, nywele zimegandamana kichwani, na kilio kinapenya ukuta hadi kwa jirani. Mke wangu alikuwa anamtoa na kumlaza sakafuni kwenye mkeka. Wiki ya pili kipimo cha malaria kilionyesha mistari miwili.

Tukiwa njiani kurudi na dawa mkononi akaniambia, "Baba, nunua kitu. Chochote kile kitakachompoza huyu mtoto."

Chumba chetu cha kupanga hapa Kibaoni ni futi 10 kwa 10, dirisha moja, mabati juu bila silingi. Kwenye duka la vifaa vya umeme nilionyeshwa sanduku jeupe la plastiki: feni ndani, tangi la maji chini, na pedi inayolowana nyuma. Shilingi 180,000. "Hii ndiyo AC ya mtu wa kawaida," alisema muuzaji, "na haili umeme." Pembeni yake feni ya kusimama ilikuwa 55,000. Tofauti yake ni kodi yetu ya miezi mitatu.

Nafundisha historia, kwa hiyo kabla ya kutoa hela niliomba siku mbili za kufikiri. Mke wangu hakufurahi.

Nilianza na mtungi wa bibi. Kule Mngeta ulikaa pembeni ya chumba, nusu yake ya chini imezikwa kwenye mchanga uliolowa. Udongo wa mtungi hupitisha maji kidogo kidogo, maji yale yakifika nje hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Lita moja ikikauka hivyo hubeba joto ambalo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji ya kawaida. Lakini bibi hakuusifia mtungi mwaka mzima. Wakati wa kiangazi, mpunga umeshavunwa na upepo umekauka, maji yake yaliuma meno. Ikifika masika mtungi ulikuwa chombo cha kutunzia maji tu, vuguvugu kama ya ndoo. Nilidhani anaongea kizee. Kumbe alikuwa anaeleza lini hewa ina nafasi ya kupokea mvuke na lini imeshashiba.

Kipoza hewa cha dukani ni mtungi uliofungwa feni, na ukifuatilia wazo lake unaishia nchi kavu. Kaskazini mwa India watu walining'iniza mikeka ya mizizi ya nyasi milangoni na kuimwagia maji ili upepo wa moto uingie umepoa. Oman walitundika mitungi midogo ya udongo penye upepo. Mashine yenyewe ilienea miaka ya 1930 Arizona, Marekani, jangwani, ambako watu waliweka pedi za nyuzi za mbao zenye maji mbele ya feni. Kwenye unyevu watu walihitaji kitu kingine. Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn kilisumbuliwa na karatasi zilizovimba kwa unyevu na kuharibu rangi, na kijana mhandisi Willis Carrier akabuni mtambo wa kukausha hewa yake. Kiyoyozi cha leo kinatokana na kazi ile. Carrier alikuwa anatoa maji hewani. Mimi nilikuwa nakaribia kulipa 180,000 niyaongeze.

Na sisi tuko Kilombero, bonde la mafuriko ambalo mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu.

Lakini bonde lilikuwa na joto tangu zamani na watoto walilala. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo na nyasi, na kati ya ukuta na paa kulikuwa na uwazi ambao upepo ulipita usiku kucha. Shambani watu walilala juu ya dungu, futi kadhaa kutoka ardhini. Uwazi ule ule ulikuwa mlango wa mbu. Mzungu kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulikuwa unauza vyandarua Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Hivyo tuliziba uwazi, tukapandisha mabati, tukashusha neti. Sibezi hata kimoja. Watoto wengi wa rika langu wapo kwa sababu hiyo. Ila upepo nao ulibaki nje, na hilo hakuna aliyetulipa.

Usiku ule nililowesha kanga, nikaikamua na kuitundika chumbani. Asubuhi ilikuwa bado mbichi. Mwalimu wa fizikia akaniazima vipimajoto viwili; kimoja tukakivisha pamba yenye maji na kukipepea. Saa 3 usiku kikavu kilisoma 31, chenye pamba 27. "Mwalimu," aliniambia, "hizo nyuzi 4 ndizo zote ulizonazo. Mashine nzuri sana itakupa 3. Hiyo ya dukani labda 2, tena dirisha likiwa wazi." Ukifunga dirisha, mvuke unajaa. Na mtoto anayetoka jasho naye ni mtungi: hewa ikishashiba maji ya mashine, jasho lake litakaukia wapi? Kwa shemeji yangu aliyeko Dodoma ningemshauri anunue bila kusita.

Nilirudi na feni ya 55,000. Mke wangu aliitazama, akaniuliza, "Siku mbili, ndiyo hii?"

Tuliiweka juu ya stuli, nje ya neti, karibu kabisa na kitanda, kwa sababu kitambaa cha neti hula upepo mwingi. Kwa fedha iliyobaki fundi alikata dirisha la pili ukuta wa mkabala, kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba, akaweka wavu. Mtoto aliamka saa 8 usiku, akanyonya, akarudishwa ndani ya neti. Mke wangu alinyoosha mkono akampapasa mgongo.

"Umekauka," alisema.