Historia ya Mbao za Drafti na Ludo Katika Kikundi Chetu

Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tumeona tuandike habari ya mbao za michezo, kwa sababu wageni wengi wakiziona zimepangwa pale kivukoni hudhani tunazinunua Kigoma mjini. Hatununui, tunatengeneza sisi wenyewe.

Kwanza msomaji ajue kwamba mwambao huu wa ziwa kucheza ubao si jambo geni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, basi mbalamwezi ikiwaka sana mitumbwi hupumzika, maana dagaa hawaifuati tena taa. Siku hizo ndizo za kushona nyavu na kucheza bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi za kunamua. Jirani zetu wa Rwanda wana la kwao, igisoro, na Uganda kuna omweso. Lakini bao huchongwa kwa tezo na patasi, ni kazi ya fundi, na bei yake si ya kila mtu. Drafti ni nafuu: miraba 64, kete 12 kila upande, na kete zenyewe ni vizibo vya soda, huyu anavilaza na yule anavigeuza. Ludo ndiyo wanayoipenda watoto na hata sisi akina mama. Asili yake ni pachisi ya India, ila kwa jina hili la ludo uliandikishwa Uingereza mwaka 1896.

Sasa tuje mwaka 2024. Tarehe 15 Mei Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hatukupinga, maana kupungua kwa dagaa kila mtu alikuwa anakuona. Lakini wenzetu wengi ni waanikaji na wauzaji wa dagaa, na mikopo yao waliichukua kwa kutegemea dagaa hao hao. Tukawa tunafungua sanduku, kufuli zote tatu, halafu hakuna cha kuweka. Wakaanza kusema sanduku livunjwe, kila mtu achukue hisa zake aende. Vikao vile vilikuwa vigumu kweli.

Wakati huo akina baba walikuwa vijiweni tangu asubuhi, wanacheza drafti kwenye kipande cha boksi kilichochorwa kwa mkaa. Mistari ikifutika ni ugomvi. Mwenzetu mmoja ndiye aliyesema, kwa nini tusiwauzie ubao? Wengine walikataa, eti tunawapa wanaume sababu ya kukaa. Bibi mmoja akawajibu, "Mbona wameshakaa?" Hoja ikapita. Tuliweka sharti moja tu, ubao wetu usitumike kuchezea pesa mbele yetu.

Tulinunua plaiwudi. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 ukiikata sentimita 40 kwa 40 unapata mbao 18, kipande kinachobaki ni kidogo mno. Upande mmoja tuliweka drafti, kila mraba sentimita 5, ili kizibo kikae vizuri. Upande wa pili ludo, ambayo ina miraba 15 kwa 15, kila mmoja sentimita 2 na nusu. Picha ya ludo haienei kwenye karatasi moja, kwa hiyo inachapwa kwenye karatasi nne za kawaida na kuunganishwa katikati, na hapo ndipo penye kazi, maana mstari ukipishana kidogo tu macho yote yanaona.

Tulichapa mistari myeusi peke yake, rangi nne tukapaka kwa mkono, kwani kuchapa kwa rangi kungekula faida yote. Karatasi za mwanzo zilichapwa kwa mashine ya wino wa maji, gundi ilipogusa wino ukasambaa, tukatupa. Tukahamia mashine ya wino wa unga, huo hautoki. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, unapakwa mwembamba na kusuguliwa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Ubao unalala chini ya mawe usiku mmoja, kesho yake unapigwa vanishi mara mbili. Waliotoka kukamua mawese tuliwazuia kugusa karatasi mpaka wanawe kwa sabuni. Walinuna, lakini walinawa.

Bei tuliipanga iwe sawa na hisa mbili, ili kila aliyeuza ubao aone mwenyewe ameokoa nini. Wateja wa kwanza walikuwa vijiweni, wakafuata abiria wanaongoja kivuko cha kwenda Kajeje. Ziwa lilipofunguliwa sanduku lilikuwa bado zima, na hakuna mwenzetu aliyekatwa hisa zake kwa deni.

Siku hizi tunatengeneza zaidi mbalamwezi inapokaribia. Anayetaka ubao amwone mweka hazina siku ya kikao, kabla sanduku halijafungwa. Dadu tunatoa sisi, vizibo alete mwenyewe.