Nani alibuni jiko la dani?

Kuna birika ya kahawa inaitwa Moka. Alfonso Bialetti aliitoa Italia mwaka 1933, na ukiingia mitandao ya watu wa kahawa utadhani ni kitu kitakatifu. Mwanawe Renato, ambaye ndiye aliyeifanya ijulikane dunia nzima, alipokufa 2016 majivu yake yaliwekwa ndani ya Moka kubwa. Wacha tu! Waitaliano wanaheshimu watu wa vyombo vyao.

Sasa nikuulize wewe wa Kendu Bay: nani alibuni jiko la makaa ambalo dani anakaangia ngege? Umenyamaza. Eti jiko ni jiko, limetoka jua kali, basi.

Zamani jiko lilikuwa la bati tupu. Inasemekana aina hiyo ililetwa na Wahindi waliokuja enzi za ujenzi wa reli. Lilikula makaa vibaya, na joto liliishia kwa miguu ya mpishi. Miaka ya mwanzo ya 1980, kuni zikiwa kilio cha kila mtu (Umoja wa Mataifa hata ulifanyia Nairobi mkutano wa nishati mpya, Agosti 1981), Max Kinyanjui na wenzake waliangalia jiko la Thailand, lenye umbo la ndoo na udongo ndani. Wazo zuri, lakini ndoo ina kitako chembamba. Msongee mtu ugali juu yake uone.

Ndiyo maana jiko letu lina kiuno. Juu limepanuka, udongo unakaa hapo na kuzuia joto lisitoroke. Chini limepanuka tena, ili lisimame imara mwiko ukizunguka. Bati na udongo havitanuki sawa vikipata moto, kwa hivyo katikati hutiwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti. Makaa yanapungua kwa theluthi, wakati mwingine hadi nusu. Manze, huo ni ubunifu sawasawa na wa Milan.

Tofauti ni kwamba hakuna aliyelifungia kwa hataza. Shirika la KENGO lilifundisha mafundi, Shauri Moyo wakagonga bati, wafinyanzi wakachoma udongo, na jiko likavuka hadi Uganda, Tanzania na Ethiopia. Mimi naona ilikuwa sawa, maana lingekuwa la kampuni moja dani angelisikia kwa redio tu. Lakini bei haingepanda hata shilingi moja kama tungefundishwa jina la Kinyanjui shuleni.

Na uhuru huo umeleta majiko feki pia. Langu la mwisho udongo ulipasuka kabla ya miezi mitatu. Dani, ambaye amekua kati ya wanawake wafinyanzi, alinicheka. Yeye hanunui kwa macho. Anagonga udongo kwa kidole na kusikiliza: ukilia kama kengele umeiva, ukitoa sauti ya boga anaenda kwa muuzaji mwingine.