Siri ya Juzuu la Tatu: Tolkien, Lewis na Haki ya Msomaji wa Kwanza

Katika uhakiki wa riwaya, taharuki aghalabu huelezwa kuwa ni mbinu ya mwandishi: yeye ndiye afichaye na yeye ndiye afichuaye. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanamsahau mtu mmoja muhimu, yaani yule aliyekwisha kuisoma kazi, akaipenda, na sasa anatamani rafiki yake naye aisome. Mtu huyo hakutunga chochote, lakini siri ya mtunzi imo kinywani mwake. Asiposema kitu, rafiki hatakifungua kitabu. Akisema mno, rafiki atafungua kitabu kilichokwisha kuliwa utamu. Historia ya riwaya ya fantasia ya J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings, inalidhihirisha tatizo hili kuliko nadharia yoyote.

Tolkien alianza kuiandika Desemba 1937, miezi mitatu baada ya The Hobbit kuchapishwa. Miongoni mwa wasikilizaji wake wa mwanzo alikuwa C.S. Lewis, mhadhiri wa Oxford ambaye walijuana tangu 1926. Sura zilisomwa kwa sauti mbele ya kikundi cha marafiki kilichoitwa Inklings. Si wote waliozifurahia. Hugo Dyson, kwa mfano, hakuficha kuchoshwa kwake. Mwaka 1944, Christopher, mwana wa Tolkien, alipokuwa Afrika Kusini katika mafunzo ya Jeshi la Anga la Uingereza, sura mpya zilimfuata huko kwa posta. Katika miaka hiyo, basi, wasomaji walikwenda sambamba na kalamu. Mwandishi mwenyewe alikuwa bado anaitafuta njia ya hadithi yake, na siri haiwezi kutolewa na asiyeijua. Hali ilibadilika Lewis alipoumaliza mswada mzima na kumwandikia Tolkien barua ya sifa mwezi Oktoba 1949. Tangu siku hiyo alikuwa na kitu cha kuficha, na ilimpasa akifiche kwa takriban miaka sita.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja. Gharama za uchapishaji baada ya vita ndizo zilizomlazimu mchapishaji, Allen & Unwin, kukigawa katika majuzuu matatu, na kila juzuu likahitaji jina. Hapa hofu ya Tolkien inajitokeza waziwazi. Katika barua ya Agosti 1953 kwa Rayner Unwin, alipendelea juzuu la tatu liitwe The War of the Ring, kwa sababu jina hilo halidokezi sana mkondo wa hadithi. Akaongeza kwamba hata majina ya sura yalichaguliwa kwa uangalifu huohuo. Hakufua dafu. Juzuu lilitoka kwa jina la The Return of the King, na anayelisoma jina hilo dukani hupashwa jambo ambalo wahusika wenyewe hulitilia shaka kwa mamia ya kurasa. (Kusema zaidi ya hapo kungekuwa kurudia kosa la mchapishaji.) Juzuu la pili lilitolewa Novemba 1954, nalo linakomea mahali pabaya mno pa kukomea. La tatu, likicheleweshwa na viambatisho, halikutoka hadi tarehe 20 Oktoba 1955. Kwa karibu mwaka mzima wasomaji walibaki wakining'inia, ilhali Lewis na marafiki wachache walijua kila kitu.

Je, Lewis aliitumiaje nafasi hiyo? Juzuu la kwanza lilipotoka, alilihakiki katika jarida la Time and Tide mwezi Agosti 1954. Alizungumzia upana wa ulimwengu uliobuniwa na kukataa kwamba kazi hiyo ni istiara. Huo ni ukimya wa kupigiwa mfano: mhakiki anamweleza rafiki aina ya nchi atakayoiingia bila kumwonyesha njia. Hata hivyo, Lewis hakuwa bila doa. Maneno yake yaliyowekwa kwenye jalada yalimlinganisha Tolkien na Ariosto, mshairi wa Italia, na baadhi ya wahakiki wakayadhihaki maneno hayo badala ya kukijadili kitabu. Kumbe sifa iliyopita kiasi nayo huharibu. Asimuliaye mwisho humnyima rafiki mshangao. Asifuye kupita kiasi humnyima uhuru wa kukipenda kitabu kwa hiari yake.

Ajabu ni kwamba Lewis mwenyewe hakuuthamini sana mshangao. Katika insha yake ya 1947 kuhusu hadithi, alidai kwamba msomaji huonja utamu halisi anaporudia, udadisi ukiwa umekwisha kutulia, kama mtoto anayetaka hadithi ileile kila usiku. Hadhira ya ngano na tenzi za Kiswahili ingemwelewa mara moja. Anayeitikia "Pakawa!" mara nyingi amekwisha kuujua mwisho wa ngano, na wasikilizaji wa Utendi wa Tambuka hawakuwa na shaka ni jeshi lipi litashinda. Kwa nini basi alinyamaza? Jibu limo ndani ya hoja yake. Mtu hawezi kurudia jambo ambalo hajalifanya. Usomaji wa kwanza hutokea mara moja tu, na wa pili husimama juu yake. Ngano husimuliwa mbele ya kadamnasi, kila msikilizaji amewahi kuwa mgeni wake, na fanani ndiye aliyeamua lini afichue; msomaji wa riwaya ya juzuu tatu yuko peke yake, na ugeni wake unaweza kuporwa na mtu mwingine kwa sentensi moja. Lewis aliuona mshangao kuwa mdogo kwake yeye aliyekwisha kuupata. Hakujipa haki ya kuamua hivyo kwa niaba ya wengine.

Uhakiki wake wa majuzuu mawili ya mwisho ulichapishwa tarehe 22 Oktoba 1955, siku mbili baada ya juzuu la tatu kufika madukani.