Kabla ya Simba, Wahesabiwe Watu

Desemba 2026 inatimia miaka 125 tangu reli kutoka Mombasa ifike ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali palipoitwa Port Florence na leo panaitwa Kisumu. Kumbukumbu kubwa kama hiyo itawarudisha watu kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni ya zamani. Na mgeni akishafika pale, ni nadra aondoke bila kuoneshwa behewa namba 12.

Kisa cha behewa hilo kinajulikana. Usiku wa tarehe 6 Juni 1900, Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alilala ndani yake katika stesheni ya Kima, Ukambani, akiwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walikuwa wakimvizia simba aliyekuwa akiwala watu hapo stesheni. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, usingizi ukamchukua. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma, akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamkamata Ryall na kutoka naye dirishani. Wapo wanaosimulia kwamba stesheni ilipewa jina la Kima kwa kuwa marehemu aligeuzwa nyama ya kusaga. Hadithi hiyo haifai kurudiwa. Kima kwa Kiswahili ni mnyama pia, na mtu aliyekufa vibaya hivyo hastahili kufanywa chanzo cha mzaha wa maneno.

Behewa lihifadhiwe, na kisa kiendelee kusimuliwa. Tatizo ni nafasi kinayopewa. Kwa zaidi ya karne moja simba wamekalia historia ya reli hii kiasi kwamba mtoto wa shule anaweza kutaja simba wa Tsavo na asiweze kusema ni nani waliobeba mataruma. Hivyo inafaa, kabla sherehe hazijapangwa, kufungua waraka ambao wachache huusoma: ripoti ya mwisho ya Kamati ya Reli ya Uganda (ndivyo reli hii ilivyoitwa), iliyowasilishwa kwa bunge la Uingereza mwaka 1904.

Ni ripoti ya wahasibu. Inaeleza fedha, madaraja, vichwa vya treni na karakana. Katikati ya hayo kuna hesabu ya vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba: watu 31,983. Kati yao 16,312 walirudishwa kwao, 6,454 walirudishwa wakiwa wagonjwa au vilema wasioweza tena kazi, 2,493 walikufa, na 6,724 walibaki Afrika Mashariki. Ukizijumlisha namba hizo nne unapata 31,983 kamili. Hakuna hata mtu mmoja aliyepotea katika hesabu. Njia yenyewe ilikuwa na urefu wa kilomita 930 hivi, kwa hiyo kila kilomita kumi zilizika watu 26 au 27.

Waliuawa na nini? Malaria iliyowashika katika nyika ya Taru na mabonde ya mito, kuhara damu, vidonda vilivyooza miguuni, funza na ajali za kazini. Wanyama wa mizigo nao walikufa kwa wingi kwa ugonjwa wa mbung'o, na wanyama walipokwisha, mzigo ulirudi mabegani mwa watu.

Sasa simba waletwe kwenye mizani hiyo. John Henry Patterson, mhandisi wa daraja la Tsavo, aliwaua simba wawili mnamo Desemba 1898. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 aliandika kwamba waliua vibarua 28 wa Kihindi, pamoja na Waafrika wengi. Mwaka 1925, simba hao walipokwisha kununuliwa na Makumbusho ya Field ya Chicago, kijitabu chake kipya kilitaja watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali katika mifupa na manyoya ya simba hao na kukadiria kwamba walikula watu kama 35, ingawa kipimo chao kiliruhusu hadi 72. Wanaoshikilia 135 hujitetea kwamba kuua si sawa na kula, na kwamba simba anaweza kumwacha aliyemuua. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa. Lakini haielezi kwa nini Patterson mwenyewe, aliyekuwapo, hakuitaja idadi hiyo miaka tisa baada ya tukio, akaja kuitaja baada ya miaka 27, wakati ngozi za simba zilikuwa zimekuwa mali ya makumbusho. Kwa namba 135 hakuna ushahidi unaotosha.

Tuseme basi 28 ndiyo sahihi kwa upande wa Wahindi. Katika vifo 2,493, simba wa Tsavo walihusika na kama kimoja katika kila mia moja. Vifo vingine vyote havina behewa lake katika jumba la makumbusho.

Hata hapo Tsavo, jambo kubwa kuliko simba lilitokea tarehe 1 Desemba 1898, siku chache kabla simba wa kwanza hajauawa. Mamia ya vibarua waliiacha kazi. Walilala relini mbele ya treni iliyokuwa ikipita, ikasimama, wakapanda mabehewa na kuondoka kuelekea Mombasa. Patterson ameandika sababu waliyompa: walikuja kwa mkataba wa kuifanyia serikali kazi, hawakuja kuwa chakula cha simba. Ujenzi ulisimama wiki tatu hivi. Vitabu vingi huliita tukio hili woga. Kusoma kwa haki kunaonesha watu waliojua mkataba wao unasema nini, wakaona umevunjwa, wakaitumia nguvu pekee waliyokuwa nayo. Lilikuwa ni mgomo, na ni mgomo uliofaulu. Patterson huyohuyo anasimulia pia ugomvi wake na waashi, akiwaita walaghai kwa sababu baadhi yao walidai ujuzi wasiokuwa nao. Fundi mawe alilipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua wa kawaida 12. Aliyeuona mwanya huo akaushika, mtu mwenye njaa anaweza kumwelewa.

Pengo lililo zito zaidi liko kwenye jina la hesabu yenyewe. Inahesabu Wahindi tu. Waafrika walikuwa kwenye ujenzi huo tangu siku reli ya kwanza ilipotandikwa Mombasa, tarehe 30 Mei 1896: Waswahili wa pwani, Wataita, Wakamba na wengine kadiri njia ilivyopanda bara. Walifyeka, walichimba, walibeba maji, waliongoza misafara. Patterson anakiri katika sentensi hiyohiyo ya vibarua 28 kwamba Waafrika waliouawa na simba hawakuandikwa popote. Serikali iliyoweza kumfuatilia kila Mhindi wa mwisho kati ya 31,983 ilikuwa na kalamu na karatasi za kutosha. Haikuona haja.

Mengine ya historia ya reli Afrika Mashariki yanaelezeka haraka. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza reli yao Tanga mwaka 1893, miaka mitatu kabla ya Mombasa, na mwaka 1914 njia yao ya kati ikafika Kigoma. Wanandi walipinga njia kupita kwao mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja, likavunjika mwaka 1977.

Umoja huo wa miaka 29 umeacha alama kwenye vyuma, na hapa makumbusho yana hazina ambayo sherehe zikiisahau zitakuwa zimekosea. Injini ya mvuke namba 3020 inaitwa Nyaturu. Namba 5918 ni Mount Gelai, na 5930 ni Mount Shengena. Wanyaturu ni watu wa Singida, Gelai ni mlima karibu na Ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Injini mbili za mwisho ni za kundi la 59, lililoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, na hakuna injini za mvuke kubwa kuzishinda zilizotembea kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Mtanzania anayetembelea Nairobi anakuta majina ya kwao yakiwa yamesimama uani, kwa herufi za chuma. Mwongozaji akimweleza hilo kabla ya kumpeleka kwa Ryall, atakuwa amemkaribisha nyumbani.

Tarehe kubwa za reli nchini Kenya ziko mwishoni mwa Mei. Tarehe 30 Mei ilianza njia Mombasa na, mwaka 1899, ikafika Nairobi. Treni ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, mkesha wa Siku ya Madaraka. Desemba ya Kisumu haina sherehe iliyokwisha kuzoeleka, kwa hiyo bado inaweza kupangwa upya kabisa. Namba nne za mwaka 1904 zichapwe kwa herufi kubwa zisomeke mlangoni, na kando yake iachwe safu tupu ya Waafrika. Familia za Taita, Ukambani, Kisumu, na mitaa ya Muthurwa na Landi Mawe ya Nairobi, ambazo babu zao walitandika njia hii au walifanya kazi humo, zialikwe kuleta majina, picha, vyeti vya kazi na masimulizi. Wazee wanaoyakumbuka wapo wachache, na Desemba 2026 haiko mbali. Msomaji mwenye jina la mtu kama huyo aliandike leo, pamoja na kijiji chake na kazi aliyofanya, alipeleke makumbusho.