Kwa nini umeme wa maji hupungua kabla ya kuongezeka

MOSHI. Lango la maji linapofunguliwa zaidi katika kituo cha kufua umeme, wengi hutarajia kwamba nguvu itaongezeka papo hapo. Kinachotokea kwanza ni kinyume chake: nguvu hupungua kwa muda mfupi, ndipo huanza kupanda.

Katika uhandisi wa udhibiti, mtambo wenye tabia hiyo huhesabiwa miongoni mwa mifumo isiyo ya fezi ya chini kabisa. Tabia hiyo ndiyo inayoweka mpaka wa kasi ambayo kituo kinaweza kuitikia mahitaji ya mji bila kuyumba.

Mkoa wa Kilimanjaro una mfano wa karibu. Kusini mwa Moshi lipo Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, ambalo hupokea maji ya mito Kikuletwa na Ruvu. Kituo chake kina uwezo wa megawati 8. Maji yakishatoka hapo hufuata Mto Pangani hadi kwenye vituo vya Hale, chenye megawati 21, na New Pangani Falls, chenye megawati 68.

Fanksheni ya uhamishaji

Ili kutabiri mwenendo wa mtambo, wahandisi hutumia fanksheni ya uhamishaji. Hii ni sehemu ya kihesabu inayolinganisha kinachotoka katika mfumo na kinachoingia, baada ya vyote viwili kugeuzwa kwa njia iliyopewa jina la mwanahisabati Mfaransa, Pierre-Simon Laplace (1749-1827).

Thamani zinazoifanya asili ya sehemu hiyo kuwa sifuri huitwa ncha, na zile zinazokifanya kiasi chake kuwa sifuri huitwa sifuri za mfumo. Ncha zote zikiwa upande wa kushoto wa mchoro, mfumo hutulia baada ya kusukwasukwa. Sifuri nazo zikiwa upande huo huo, mfumo huitwa wa fezi ya chini kabisa.

Mhandisi Mmarekani Hendrik Bode, katika kitabu chake cha mwaka 1945, alieleza faida ya mifumo ya aina hiyo: ukubwa wa mwitikio wake ukijulikana katika masafa yote, uchelewaji wa fezi nao unaweza kukokotolewa. Katika mifumo mingine ukubwa pekee hautoshi, kwa kuwa upo uchelewaji wa ziada usioonekana katika kipimo hicho.

Somo la mfongo

Mfongo, yaani mfereji wa asili ambao Wachagga huutumia kuteremshia maji mashambani, hufafanua jambo hilo. Mtu akifungua maji huko juu, shamba la chini halipati kitu mpaka maji yamalize safari yake.

Tuseme hakuna tone linalopotea njiani. Kiasi kinachofika ni kile kile kilichofunguliwa, ila kimechelewa. Anayepima kiasi tu hatauona ucheleweshaji huo. Na anayefungua zaidi kwa kukosa subira huishia kufurika.

Hesabu ya bomba

Katika kituo cha umeme tatizo ni uzito wa maji yaliyomo ndani ya bomba kuu. Lango likipanuliwa ghafla, maji hayo hayawezi kuongeza mwendo mara moja. Mtiririko hubaki vile vile huku njia ikiwa pana zaidi, na shinikizo mbele ya turbini hushuka. Kwa kuwa nguvu hutokana na mtiririko na shinikizo kwa pamoja, nayo hushuka.

Katika hesabu sahili isiyojumuisha upotevu, uhusiano huo huandikwa (1 − Ts) / (1 + 0.5Ts). Herufi T ni muda wa kuanza kwa maji: urefu wa bomba mara mwendo wa maji, kugawanya kwa kimo cha maji mara 9.81.

Chukua bomba la mfano lenye urefu wa mita 300, mwendo wa mita 4 kwa sekunde na kimo cha mita 100. T ni takriban sekunde 1.2. Lango likiongezwa ghafla kwa asilimia 1, nguvu hushuka kwanza kwa asilimia 2, hurejea ilipoanzia baada ya takriban theluthi mbili za sekunde, kisha hupanda hadi asilimia 1 juu ya ilivyokuwa.

Hatari na dawa yake

Mahitaji ya umeme yakizidi, mtambo hupunguza mwendo na masafa hushuka chini ya hezi 50. Kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita gavana, hufungua lango. Kikifanya hivyo kwa pupa, nguvu hupungua, mtambo huzidi kulegea, nacho hufungua zaidi. Maji yakishashika kasi, nguvu hupita kiwango kilichotakiwa. Kuyumba huko kukizidi, vifaa vya ulinzi hukitoa kituo katika gridi na wateja hubaki gizani. Hatari ni kubwa zaidi kwa kituo kidogo kinachojitegemea, kwa kuwa hakuna kingine cha kukibebea mzigo.

Sifuri iliyo upande wa kulia haiwezi kufutwa kwa kuiwekea ncha mahali pale pale, kwani ncha ya upande huo huzaa mwenendo unaokua bila kikomo. Dawa ni kumfundisha gavana subira: hurekebishwa ili mwanzoni afungue lango kidogo, kisha aongeze kadiri maji yanavyoshika kasi. Aidha, bomba refu huweza kujengewa tangi la kupunguza mshtuko karibu na mtambo.

Kanuni hiyo inahusu pia vichujio vya sauti. Miongoni mwa vichujio vyenye uwezo sawa wa kuchuja, kile cha fezi ya chini kabisa ndicho huchelewesha sauti kidogo zaidi.

Ukubwa wa kituo hauifuti kanuni hii. Katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, maji huhitaji muda wa kushika kasi kama yanavyouhitaji katika kituo kidogo mlimani.